Mjadala: Historia ya utumwa wa Malindi ifundishwe darasani, au tuiache ilale?

Mzazi, Shella, Malindi

Ndugu zangu, naleta jambo ambalo sote tunalijua na hakuna anayetaka kuligusa. Juzi nilikwenda shule moja ya msingi hapa mjini kuonana na mwalimu wa mwanangu, Gredi ya Sita. Watoto walikuwa wanajigawa vikundi vya mradi. Msichana mmoja, Mgiriama, akakataliwa kikundi cha kwanza, akasogea cha pili. Huko mvulana akamwambia mbele ya wenzake, "Nyinyi mlikuwa watumwa wetu." Mwalimu akawapanga upya, akasema sisi sote ni Wakenya, kipindi kikaendelea. Yule mvulana hakuulizwa neno. Msichana alikaa ncha ya dawati, mkoba mapajani, na daftari hakulifungua mpaka kengele ikalia.

Mtoto wa umri ule hayatungi maneno yale, ameyaokota kwa wakubwa. Na shule haina la kumjibu kwa sababu imechagua kunyamaza. Wanafunzi hupelekwa kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, wakaambiwa Mreno alifika 1498 akapokewa vizuri. Hupelekwa Gede, wakapiga picha kwenye magofu. Lakini hakuna anayewaambia kuwa katika karne ya 19 mji huu ulifufuka kwa mashamba ya mtama na ufuta, nafaka ikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni, na waliolima ni watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa upande wa Ziwa Nyasa kupitia Kilwa na Unguja. Hawaambiwi habari za watoro waliokimbia mashamba hayo wakajenga makazi yao Fuladoyo, wala za wale waliokimbilia Witu, upande wa Lamu, kwa Sultani Ahmed, yule aliyeitwa Simba. Hawajui kuwa utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwaka 1907 si zamani! Babu za babu zetu walikuwa hai.

Mtoto anayeyajua haya angemjibu yule mvulana papo hapo. Wagiriama walikuwa na makaya, yaani vijiji vyao vya msituni, na mashamba yao, wakifanya biashara ya pembe na nafaka na watu wa pwani, na watoro wengi walijificha kwao. Ni kweli kwamba njaa ya miaka ya 1880 iliwafanya wazazi wengine kuweka watoto rehani mjini, na hilo pia lisemwe. Na hata kama msichana yule angekuwa kitukuu wa mtumwa, aibu ingekuwa ya nani?

Msimamo wangu ni kwamba ifundishwe, waziwazi. Nyimbo za amani kwenye gwaride hazitoshi. Semeni.

Mwalimu mstaafu, Muyeye

Mzazi, nakuheshimu, lakini napinga. Wewe umesimama mlangoni mara moja, mimi nimesimama mbele ya ubao maisha yangu yote. Ukishaandika utumwa ubaoni, darasa zima linageuza shingo. Wengine wanamtazama mwenye jina la Kiarabu, wengine wanamtafuta mweusi kuliko wote. Hujatamka sentensi hata moja na watoto wawili tayari wako kizimbani. Jioni yule wa kwanza anamuuliza babu yake, "Sisi tulikuwa na watumwa?" Asubuhi mzazi yuko kwa mwalimu mkuu.

Halafu kuna ardhi. Waliomiliki mashamba yale ndio waliopata hati baada ya sheria ya ardhi ya 1908, na mpaka leo kuna familia zinaitwa maskwota pale pale walipozaliwa. Ukianza kueleza nani alilimia nani, umefungua kesi ya shamba mbele ya watoto wa wadai na wadaiwa. Mwalimu gani aliyeandaliwa kwa hilo?

Sheria tunazo. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi wa rangi na wa kabila, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iko tangu 2008. Mtoto akitusi akaripiwe, mzazi aitwe, viti vichanganywe. Inatosha.

Kijana wa Langoni, Lamu

Mwalimu, shikamoo. Kuita mzazi hakutoshi ikiwa mzazi ndiye aliyemfundisha.

Huku kwetu tumeonja kunyamaza. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Tuliokuwa shule wakati ule tunakumbuka: wa bara kivyao, wa pwani kivyao, hata kwenye mpira. Operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni, ilipoanza 2015, mtoto wa Kiboni akawa wa kutazamwa kwa jicho la shaka, kana kwamba msitu ni kosa lake. Hakuna mwalimu aliyetueleza Wakikuyu walifikaje Mpeketoni, kwamba serikali yenyewe iliwapa mashamba katika mpango wa makazi wa miaka ya 1970. Kila mmoja alibaki na alichoambiwa kwao. Kwa hiyo mimi namuunga mkono mzazi, ila isiwe utumwa peke yake. Makazi nayo yaingie.

Mama, mwalimu wa madrasa, Malindi

Nitasema machache. Watoto wetu wanaijua hadithi ya sahaba Abu Dharr, alivyomkebehi mtu kwa mama yake na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia bado ana ujahilia, ujinga wa kabla ya Uislamu, ndani yake. Wanaihifadhi vizuri. Wakitoka nje wanatusiana kwa weusi wa mama zao. Kisa cha mbali hakimuumi mtoto. Cha mtaani kwake kinamuuma.

Mzazi, Shella

Maalim mama, ahsante. Kijana, nakubali, makazi yaingie.

Mwalimu, hoja yako ya shingo kugeuka imenikaa. Ndiyo maana sisemi Gredi ya Nne. Iwe sekondari msingi, Gredi ya Saba hadi ya Tisa, na mtoto yeyote asiulizwe ukoo wake wala kuambiwa asimame kuwakilisha watu wake. Mwalimu aanze na watoro, ili watoto wakutane kwanza na watu waliojikomboa na kulima chao, kabla ya kukutana na minyororo.

Lakini kwenye ardhi sikubaliani nawe hata kidogo. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kumpinga Mwingereza, tayari tunamfundisha, na sanamu yake iko hapa mjini. Watoto wanajua aliwaapisha watu kwenye kaya, akakamatwa 1913, akapelekwa Kisii, akatoroka akarudi. Wakiuliza Mwingereza alitaka nini, wanaambiwa kodi. Alitaka na vibarua, Mwalimu. Mashamba ya pwani yalikuwa yamekosa wa kuyalima tangu watumwa waachiwe, na Wagiriama waliokuwa wanajilimia kaskazini ya mto Sabaki hawakuwa na haja ya kwenda kumlimia mtu. Vita vya Wagiriama na Mwingereza vya 1914 vinatoka humo. Ukiuficha utumwa, hata Mekatilili hawezi kueleweka, anabaki mwanamke aliyekasirika tu.

Muhula ujao wazazi tunakutana na halmashauri ya shule. Njoo, Mwalimu, uiseme hoja yako ya ubao kama ulivyoisema hapa. Nataka walimu walioko kazini waijibu wenyewe, na waseme wanahitaji kuandaliwa vipi.