Mume wangu anataka achomwe, kwao Seme hawataki kusikia

Kutoka: Mke wa Seme, Birmingham

Hamjambo nyote. Mume wangu, Mjaluo wa Seme kule Kisumu, ana saratani ya kongosho na madaktari wameshaacha kutaja miezi, sasa wanataja wiki. Akili zake ziko timamu. Ameniambia achomwe hukuhuku, majivu yapelekwe Seme yazikwe kando ya mamake. Hataki watu wachangishwe maelfu ya pauni kusafirisha maiti. Nilipomgusia shemeji mkubwa alinijibu, "Kwetu hatuchomi mtu," akakata simu. Mimi ni Mluhya wa Butere, kwa hiyo nikisema lolote naonekana nimemroga. Aliyepitia haya anisaidie.

Kutoka: Nesi mstaafu, Kisumu

Pole sana, shemeji. Nilifanya kazi Leicester miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na kakangu mdogo tulimchoma hukohuko. Nitakwambia tulivyofanya, pamoja na tulipokosea.

Jambo la kwanza ni la wiki hii, si la baadaye. Aandike wosia na akutaje wewe kuwa msimamizi. Kwa sheria ya Uingereza maiti si mali ya mtu, lakini msimamizi aliyetajwa kwenye wosia ndiye mwenye kauli juu ya mazishi. Huku kwetu mambo ni mengine. Wenye umri wangu tunakumbuka kesi ya S.M. Otieno. Alikufa Desemba 20, 1986, wakili mzima, asiache wosia. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa Matasia, karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa mochari mpaka Mei 23, 1987, siku ukoo ulipomzika Nyalgunga. Maneno ya mdomo hayakumfaa mjane kitu.

Pia mrekodi kwa simu, kwa Kijaluo, akiongea na kakake kwa jina. Barua ya Kiingereza iliyopigwa mhuri wa wakili itawaudhi wazee tu. Sisi tulikuwa na barua bila sauti, na mke wa kakangu alitukanwa miezi miwili.

Watakwambia pia kwamba anachomwa kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa aibu. Uvumi huo ulizidi wakati wa korona, mpaka Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba si kweli kuwa aliyekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza lazima achomwe. Saratani yenyewe haiambukizi. Ila kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au aliwahi kuwekewa chembe za mionzi mwilini, waambie watu wa mazishi mapema. Betri ya kifaa hicho hulipuka tanurini.

Makaratasi si mengi. Kifo husajiliwa ndani ya siku 5. Maiti nzima ikisafirishwa inatiwa dawa, inawekwa ndani ya jeneza lenye bati la zinki, na lazima upate kibali cha koronari, yaani afisa anayechunguza vifo, cha kuitoa nchini, hata kama kifo ni cha kawaida. Halafu ni gari kutoka Nairobi, Nakuru, Kericho, mpaka huku. Majivu ni kilo mbili, tatu hivi. Unabeba cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa, unakaa nayo kwenye kiti chako. Chombo kisiwe cha chuma! Kampuni moja ya mazishi ilitupa kopo la chuma zuri sana, mashine ya uwanja wa ndege haikuona ndani, tukazuiliwa mpaka ndege ikatuacha.

Sasa wazee. Usiwatajie Wangari Maathai, mimi nilijaribu. Niliwaambia alichomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, na jeneza lake lilikuwa la mianzi, mafunjo na gugumaji, hilihili linalotuzibia ziwa. Baba mdogo akaniuliza kama Wangari alikuwa wa Seme.

Kilichomfungua ni yago. Mtu akizama ziwani asionekane, Wajaluo huzika yago, tunda la mvungunya, mahali pake. Kwenu Waluhya huzika mgomba. Nikamuuliza: kama tunda linakubaliwa kaburini, majivu ya mtu mwenyewe yanakataliwaje? Alinyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, "Kaburi litakuwa na urefu gani?" Basi nikajua tumeelewana. Tulichimba la urefu wa mtu mzima, tukaweka sanduku ndani ya jeneza kamili, na matanga yakawa matanga.

Kutoka: Mama wa Kaloleni, Kisumu

Pole dada. Kwetu Waislamu kuchoma hakupo kabisa. Mjomba alifia Toronto akazikwa kesho yake kwenye makaburi ya Waislamu hukohuko, sisi tukasoma dua hapa. Nimeandika tu ujue si kila nyumba Kisumu inasubiri jeneza la kutoka ng'ambo.

Kutoka: Mzee wa Nakuru

Nesi amesema vizuri lakini mimi sikubaliani naye yote. Maiti ya dada yangu tuliileta nzima kutoka Marekani, tukalipa deni mwaka na nusu, na sijutii. Mama yetu alihitaji kumuona uso. Muulizeni mgonjwa kama mamake mdogo, shangazi, yeyote wa kumuona yuko hai. Na kama ni Wakatoliki, kanisa liliruhusu kuchoma tangu 1963, ila mwaka 2016 Roma ilikataza majivu kumwagwa au kugawana. Msije mkamwaga mengine ziwani.

Kutoka: Mke wa Seme, Birmingham

Asanteni. Nimemsomea zote. Mamake alishatangulia, na shangazi aliyebaki haoni tena, amesema sauti yake itamtosha. Wakili anakuja Alhamisi. Jumapili ataongea na kakake kwa video, atamweleza ya yago mwenyewe. Kaburi refu amelikubali. Anauliza tu kama ndege itamhesabu kwenye kilo zangu za mzigo.