Kuchangamsha sikio kwa umeme kutibu maumivu sugu ya kiuno: kundi la kulinganishia liwekwe wapi?

fizio_mwaka4: Habari wakuu. Naandaa pendekezo la utafiti: watu wenye maumivu ya kiuno ya zaidi ya miezi 3, nusu wachangamshwe sikio kwa umeme kupitia ngozi, nusu wapate tiba bandia. Mashine iliyopo ni TENS ya kawaida (ile ya kutuliza maumivu kwa umeme kupitia ngozi) yenye klipu ya sikio. Nimekwama mambo mawili: elektrodi ikae wapi, na tiba bandia iweje ili mtu asigundue? Msimamizi anasema nitumie "pointi ya kiuno" kwenye ramani ya sikio.

neva_na_misuli: Amua kwanza unapima nini, maana hapo umechanganya nadharia mbili. Ramani ya sikio ni ya Mfaransa Paul Nogier, aliyeitoa miaka ya 1950: sikio kama mtoto aliyepinduka tumboni, kiuno kikiwa kwenye ukingo wa ndani. Nadharia ya pili ni ya neva ya vagasi, neva ndefu inayotoka kwenye ubongo hadi moyo na tumbo, ambayo tawi lake moja hufika kwenye ngozi ya sikio. Ukifuata nadharia hii ya pili, lenga kishimo cha juu, pale juu ya mkunjo unaoelekea tundu la sikio. Uchunguzi wa maiti 7 uliochapishwa 2002 ulikuta eneo hilo linahudumiwa na tawi la vagasi peke yake. Kijinyama cha mbele ya tundu kina neva mchanganyiko, kwa hiyo klipu ikibana pale utashindwa kueleza umechangamsha nini. Ukichagua ramani, tiba bandia yako nayo ibadilike.

Mipangilio inayotumika sana ni Hz 25 na mapigo ya mikrosekunde 200 hadi 250. Panda taratibu hadi mtu ahisi mwasho, kisha usimame kabla haujawa maumivu. Wengi wanafanya sikio la kushoto, kwa tahadhari ya moyo.

mama_kliniki: Niongeze kuhusu hiyo TENS. Nyingi hazionyeshi miliampea, zina namba za 1 hadi 10 tu, na zimetengenezwa kwa misuli ya mgongo. Kwenye sikio, hatua moja ya kitufe inaweza kuruka kutoka "sisikii kitu" hadi "toa!". Tafuta inayopanda kwa miliampea 0.1 na yenye mawimbi ya pande mbili, yaani umeme unaobadili mwelekeo. Ya upande mmoja huunguza ngozi. Futa nta na mafuta kwa spiriti, acha pakauke, weka jeli kidogo sana. Ikizidi inatambaa hadi elektrodi ya pili na umeme unapita juu ya ngozi tu. Ikikauka katikati ya kipindi, umeme hujikusanya kwenye nukta moja na mtu analalamika kuchomwa sindano.

neva_na_misuli: Tiba bandia: usizime tu mashine, atajua ndani ya dakika moja. Weka ndewe, mipangilio ileile. Atahisi mwasho uleule ila neva ni nyingine. Wapo wanaopinga wakisema ndewe nayo haikosi athari kabisa, na wana hoja. Muulize kila mshiriki baada ya kipindi cha kwanza anadhani yuko kundi gani. Ukiuliza mwishoni pekee, aliyepona atasema "tiba halisi" kwa sababu amepona.

fizio_mwaka4: Asanteni sana. Na idadi? Nilifikiria 20 kila kundi.

takwimu_tu: Haitoshi. Ukitafuta tofauti ya alama 1.5 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, mtawanyiko wa alama kati ya watu ukiwa 2.5, nguvu 80% (uwezekano wa kuiona tofauti hiyo kama ipo kweli), unahitaji 44 kila kundi. Ukitegemea 20% kukacha, andikisha 55. Na usithubutu kufanya bila kundi la kulinganishia: watu huja kliniki maumivu yakiwa kileleni, hivyo wengi hushuka wenyewe hata usipowagusa.

mama_kliniki: Kabla ya kuandikisha, ondoa wenye betri ya moyo, vidonda vya sikio na wajawazito. Mwenye homa za jioni, anayekonda, au uti wa mgongo ukimuuma hasa usiku, apimwe kifua kikuu cha uti kwanza. Anayeshindwa kuzuia mkojo au mwenye ganzi sehemu za siri apelekwe hospitali siku hiyohiyo.