Asili ya jina la Gama nililolipata kwa ndoa

Swali: Ninaishi Mbagala, na tangu niolewe ninatumia jina la Gama, ambalo wenzangu kazini hulihusisha na Vasco da Gama. Mama mkwe husema tu, huku akipepeta mchele, "Sisi ni Wangoni wa Songea." Ningependa mwanangu aujue ukweli.

Jibu: Dada, Wareno hawahusiki. Ni ukoo wa Wangoni waliotoka kusini, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835. Hata Eswatini wapo akina Gama.

Jibu: Nkosi (yaani chifu) Mputa Gama, ambaye Wajerumani walimnyonga Songea mwaka 1906 kwa sababu ya Vita vya Majimaji, alitoka ukoo huo. Hata hivyo, Wangoni walipokea watu wengi njiani, kwa hiyo waulize wazee kuhusu babu mwenyewe.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitaanza na shangazi wa mume wangu.