Mrejesho: marinda ya kilti yamekaa sawa

Wapendwa, niliuliza kwa nini kilti (sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti) ninayomshonea mume wangu hapa Glasgow inabana nyonga huku kiuno kikipwaya. Kosa langu: nilikunja kila rinda kwa upana uleule juu hadi chini.

Nimefumua yote. Nyuma, sehemu ya marinda ni sentimita 52 nyongani na 42 kiunoni. Kwa marinda 26, kila moja linaonekana sentimita 2 nyongani, likipungua hadi 1.6 kiunoni. Mchoro wa tartani (kitambaa cha kilti chenye mistari inayokatana) unajirudia kila sentimita 15, na kila rinda linachukua mrudio mmoja, hivyo nyongani sentimita 13 za kila rinda zinafichwa ndani.

Aliyesema nipime kila baada ya marinda matano, Mungu akubariki! Milimita moja ikizidi kila rinda, mwisho ni sentimita 2.6. Jana ameivaa, mistari nyuma inafuatana kana kwamba kitambaa hakijakunjwa.