Msiba wa Gordon Banks hapa Stoke: nimwambie nini mzee wa kazini?

Jumanne, 12 Februari 2019, usiku

Ndugu zangu, habari za usiku.

Nina miezi mitano hapa Stoke-on-Trent, Uingereza, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Kuna mzee mmoja, miaka sitini na kitu, tunafunga naye makasha meza moja. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipofika. Leo mchana alisoma kitu kwenye simu, akaweka chini gundi ya karatasi, akatoka nje bila kusema neno. Nikajua amefiwa na ndugu yake wa damu. Kumbe ni Gordon Banks, kipa wa zamani wa Stoke City na wa timu ya taifa ya Uingereza, amefariki akiwa na miaka 81. Mzee alirudi macho mekundu, na mpaka shifti inaisha hakuna aliyewasha redio.

Nilitaka kumpa pole, nikakosa maneno. Naomba wenyeji mnisaidie. Namwambiaje? Nikienda uwanjani kuweka maua nitaonekana najipendekeza? Na siku ya mazishi, mtu anaweza kuomba ruhusa kazini kwa marehemu ambaye si ndugu yake?

---

Jumanne, usiku uleule

Mdogo wangu, pole kwa msiba. Nasema pole kwako pia, maana unaishi kwenye mji uliofiwa.

Mimi nina miaka 19 hapa. Nilipofika sikujua kipa wala beki, nimejifunzia kwa majirani. Nenda uwanjani, tena nenda kesho. Nimepita jioni hii, watu wameanza kuweka skafu, maua na jezi chini ya sanamu yake. Hakuna atakayekuuliza umetoka wapi. Kama huna skafu, ua moja linatosha, na kadi yenye maneno mawili uliyoandika kwa mkono wako. Watu wa hapa huzisoma kadi zile, husimama wakazisoma moja moja. Klabu pia imefungua kitabu cha rambirambi. Ingia, andika jina lako, toka.

Sasa kuhusu mzee wako. Usimwambie tu kwamba umesikitika, ukaishia hapo. Atakushukuru na mazungumzo yatafia hapohapo. Muulize: “Ulimwona akicheza?” Kisha nyamaza umsikilize. Mimi nilichelewa sana kulijua hilo. Hapa mtu hakai sebuleni siku tatu akipokea wageni, mara nyingi anarudi kazini kesho yake na huzuni yake iko mfukoni. Ukimuuliza swali kama hilo unampa mahali pa kuitua.

Ila ujue walau kidogo unachouliza. Tarehe 7 Juni 1970, Guadalajara, Meksiko, Uingereza na Brazili. Jairzinho anapita winga ya kulia, anamwaga krosi nguzo ya mbali, Pelé anaruka juu na kuupiga kichwa kuelekea chini, kama inavyofundishwa. Pelé mwenyewe alishaanza kushangilia. Banks alikuwa nguzo ya pili, akavuka goli zima, akajitupa kulia, na mpira ukiwa umeshadunda akaunyanyua kwa mkono mmoja ukapita juu ya mtambaa panya. Brazili walishinda 1-0 siku hiyo, lakini watu wanakumbuka mpira ambao haukuingia. Mwaka 2008 Pelé alikuja mwenyewe hapa Stoke kuizindua ile sanamu. Fikiria, mtu aliyenyimwa bao anasafiri kuja kumheshimu aliyemnyima.

Ruhusa: likizo ya msiba kwa kawaida ni kwa familia na watu wanaokutegemea. Usidanganye kwamba ni mjomba wako, tafadhali. Omba siku moja ya likizo yako ya mwaka. Kama mkataba hausemi vingine, taarifa ni mara mbili ya siku unazoomba, yaani kwa siku moja toa siku mbili kabla. Wewe omba mapema zaidi, maana ikitangazwa tarehe mji mzima utaomba.

---

Jumatano, 13 Februari

Salamu kutoka Leicester.

Dada amesema vizuri, ila msitufanye sisi wa Leicester tuonekane majirani tu. Banks alikuwa wetu kuanzia 1959 mpaka 1967. Alipochukua Kombe la Dunia mwaka 1966 alikuwa kipa wa Leicester City. Mashindano yale hakufungwa hata bao moja mpaka nusu fainali, na aliyemfunga kwa penalti ni Eusébio, kijana aliyezaliwa Msumbiji. Hilo mimi huwaambia wanangu kila mara, maana jina la Eusébio ni la pwani yetu ileile.

Kisha klabu ikamwuza kwa Stoke, kwa sababu nyuma yake alikuwa anakuja kipa kijana anaitwa Peter Shilton. Wazee wa hapa mpaka leo wanalizungumza kwa uchungu, ingawa Shilton naye alikuja kuwa mkubwa. Na wana uchungu mwingine ambao nakubaliana nao kabisa: mtu yule hakupewa cheo cha “Sir”. Wenzake wawili wa timu ya 1966 walipewa. Yeye amekufa bila hicho, na hakuna sababu niliyoisikia ikaniingia akilini.

Kwa watakaotoka huku: treni hadi Derby, hapo unabadili, unapanda ya kwenda Crewe, inapita Stoke. Kanisa kuu la Stoke unaweza kulifikia kwa miguu kutoka kituoni. Uwanja ndio uko mbali kidogo, chukueni basi.

---

Ijumaa, 15 Februari

Wapendwa, nawasoma kutoka Florida.

Huenda wengine hamkumbuki kwamba alidaka huku pia. Oktoba 1972 alipata ajali ya gari, jicho la kulia likapoteza uwezo wa kuona. Miaka 34 tu, na kwa kipa umri huo si uzee. Mwaka 1977 akaja Fort Lauderdale Strikers, akakaa golini na jicho moja, na ligi ya hapa ikamtaja kipa bora wa mwaka huo. Mimi nafanya kazi na watu wanaojifunza upya kutembea na kushika vitu baada ya ajali. Najua jicho moja linavyoharibu makadirio ya umbali. Kikombe tu mezani mtu anakikosa. Krosi inayokuja kwa kasi ni jambo jingine kabisa. Kwangu mimi hilo linazidi hata ule mpira wa Pelé.

---

Jumapili, 17 Februari

Shikamooni wakubwa, na asanteni.

Dada, nilimuuliza mzee swali ulilonipa. Tulikuwa kwenye mapumziko ya chai. Alikaa kimya kidogo, kisha hakunyamaza mpaka kengele ikalia, na kesho yake akaendelea palepale alipoishia.

Alikuwa akienda Victoria Ground na baba yake, ule uwanja wa zamani uliobomolewa. Anasema Banks alikuwa akiwapanga mabeki kwa sauti muda wote, na mtoto aliyesimama nyuma ya goli alijifunza mpira kwa kumsikiliza yeye. Kisha akanieleza Desemba 1971, nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya West Ham. Jumla ya mabao ya mechi mbili ni sare, muda wa nyongeza unakaribia kuisha, penalti, tena Banks mwenyewe ndiye aliyeisababisha. Anapiga Geoff Hurst, yule wa mabao matatu kwenye fainali ya 1966, mtu ambaye Banks alimjua tangu timu ya taifa. Shuti kali. Banks akaipangua kwa mikono miwili juu ya mwamba. Mzee alinionyesha kwa kasha tupu: alilirusha juu, akalisukuma kwa viganja, likaangukia meza ya wenzetu. Wote wakapiga makofi.

Baadaye walirudiana mara mbili na West Ham ndipo Stoke wakaingia fainali, wakaifunga Chelsea 2-1 Wembley. Ndilo kombe kubwa pekee la klabu hii. Baba yake mzee alikuwa mchimba makaa, na ndiyo siku pekee aliyomwona baba yake akilia. Aliponiambia hivyo nikaelewa kwa nini alitoka nje Jumanne.

Nimepeleka ua. Kwenye kadi nimeandika “Asante, kipa”, kwa Kiswahili. Kulikuwa na skafu za timu nyingi, hata za wapinzani, na glavu za watoto.

---

Jumatatu, 4 Machi, jioni

Ndugu zangu, tumemzika leo.

Niliomba likizo siku ilipotangazwa, nikapata. Mzee alichelewa kuomba, akakataliwa, basi mwenzetu mmoja wa usiku akakubali kubadilishana naye shifti. Mnaofanya kazi za zamu, kumbukeni njia hiyo. Mkikubaliana, mwambieni msimamizi kwa maandishi.

Msafara ulipita uwanjani kwanza, watu wakapiga makofi, kisha ukaja kanisani. Ibada ilikuwa ya familia na walioalikwa, sisi tulisimama nje. Jeneza lilibebwa na makipa wanne: Jack Butland kwa Stoke, Kasper Schmeichel kwa Leicester, Joe Hart kwa timu ya taifa, na Joe Anyon kwa Chesterfield, klabu aliyoanzia. Kaka wa Leicester, mlikuwepo.

Walipopita, mzee alinishika mkono akaniuliza kama naijua tarehe ya leo. Nikasema tarehe nne. Akasema ile fainali ya Chelsea ilichezwa tarehe 4 Machi 1972, leo imetimia miaka 47. Kisha akavua kofia.

Nimemsindikiza hadi kwake. Amenipa skafu ya baba yake nimshikie mpaka kesho, anasema akilala nayo usiku huu hatalala.