Ukaguzi: huko huko kwa muuzaji au bandarini mzigo ukishafika?

Shehena_Moja: Wakuu, kontena la futi 20 linapakiwa wiki ijayo. Likaguliwe huko linakotoka au lisubiri kufika? Ipi afadhali?

Lakiri: Kontena la nini? Maziwa ya unga na vidonge haviendi njia moja. Na kibali cha kuingiza unacho? Kwingi hutakiwa kiwe mkononi kabla meli haijang'oa nanga.

Shehena_Moja: Vidonge vya vitamini. Nimeomba kibali cha chakula.

BiForodha: Huko huko, bila kufikiri mara mbili. Kasoro ikionekana ghalani kwa muuzaji, yeye ndiye anabadilisha lebo. Ikionekana bandarini, wewe unalipia hifadhi na kuchelewesha kontena, kisha kurudisha mzigo au kuuteketeza.

Namba_ya_Toleo: Dada, cheti cha huko hakimzuii ofisa wa bandarini kuchukua sampuli. Kuna mzigo ulifika na cheti safi kabisa. Cheti cha uchambuzi kilisema toleo (yaani kundi la uzalishaji) B0417, katoni zikasoma BO417: herufi O mahali pa sifuri. Ukazuiwa. Muuzaji akatuma cheti "kilichosahihishwa" chenye tarehe na saini zilezile, kikatiliwa shaka, sampuli zikapelekwa maabara upya. Majibu yakatoka mazuri, ila muda wa matumizi uliobaki ulikuwa umeshuka chini ya theluthi mbili zilizotajwa kwenye kibali. Basi. Dai picha za katoni kabla ya kupakia, linganisha herufi kwa herufi na cheti, ankara na orodha ya vifurushi.

BiForodha: Hiyo si inathibitisha hoja yangu? Mkaguzi makini angeiona ghalani.

Lakiri: Mnaruka swali. Lebo inasemaje? Ikiandikwa "hutibu", mamlaka nyingi zitaihesabu dawa hata ndani mkiwa na vitamini tupu. Hapo kibali hakitoshi, bidhaa husajiliwa kwanza.

BiForodha: Virutubisho vya namna hiyo kwa kawaida vinaingia HS 2106 (namba ya forodha ya vyakula vilivyotayarishwa), si 3004 ya dawa.

Lakiri: Hiyo ni ya ushuru. Mamlaka ya dawa haifungwi na namba ya forodha.

Namba_ya_Toleo: Pia paleti za mbao ziwe na mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuua wadudu kwenye mbao za kufungashia. Herufi HT kwenye mhuri ni za kutibu kwa joto: kiini cha mbao kilifika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Bila mhuri, vidonge visafi vinakwama kwa ajili ya mbao.

BiForodha: Tumia za plastiki, yaishe.

Shehena_Moja: Lebo inasema "huongeza damu". Hiyo nayo ni kutibu?

Lakiri: Weka picha za pande zote za boksi na karatasi ya ndani. Na wasipakie bado.