Naombeni ushauri: nataka kurudisha mazoezi ya raga ya watoto Kigoma kipindi hiki cha korona, nifanyeje iwe salama?

Kocha Bangwe (mleta mada)
Wakuu habari za jioni.

Nafundisha watoto raga hapa Kigoma mjini, upande wa Bangwe. Wako ishirini na kitu, wa kike na wa kiume, mdogo ana miaka 10 na mkubwa 16. Kabla hamjashtuka, hii si raga ya kubamizana ile ya kwenye runinga. Ni ya kugusa. Mpinzani akikugusa unasimama, unauweka mpira chini, unaupita, mwenzako wa nyuma anaokota na mchezo unaendelea. Mkiguswa mara sita mpira unakuwa wa wenzenu. Hakuna kuangushana, hakuna skramu (ile ya wachezaji kuinamiana na kusukumana), na pasi zote zinarudi nyuma.

Tulisimama mwishoni mwa Juni, hili wimbi la tatu lilipoanza kutajwa. Sasa watoto hawanipi raha, kila nikipita mtaani ni "kocha lini?", na wazazi wengine wananipigia. Nataka turudi Jumamosi hii, tarehe 14 Agosti 2021. Nimesoma huku na kule nimeishia kuchanganyikiwa. Wakikimbia wavae barakoa au wavue? Mpira mmoja unashikwa na mikono yote ile, niuoshe na nini? Niwagawe vipi? Hata usingizi siku hizi ni wa mang'amung'amu, maana hawa ni watoto wa watu.

Naomba kuwasilisha.

Mnyama wa Ujiji
Mkuu unahangaika bure. Tarehe 25 Julai Simba na Yanga wamecheza fainali ya Kombe la Azam (ASFC) hapa hapa uwanja wa Lake Tanganyika, umefurika, mimi mwenyewe sebuleni nililaza wageni kutoka Dar. Lwanga wetu wa Simba alipofunga kwa kile kichwa nilikumbatiwa na jamaa ambaye hadi leo simjui. Niko mzima. Wewe na watoto ishirini unaogopa nini? Wapeleke uwanjani.

Jangwani Damu
Wewe kuwa mzima hakumaanishi huyo aliyekukumbatia ni mzima. Halafu ukiisimulia ile mechi sema pia sisi Yanga tulicheza pungufu, Mukoko wetu alikuwa ameshatolewa kwa kadi nyekundu.

Mama Wawili
Kocha, mimi ni mzazi. Shule zilivyofungwa mwezi wa tatu mwaka jana hadi tarehe 29 Juni, wangu wa darasa la tano alisahau hata jedwali la saba. Mpaka leo anakimbizana na wenzake. Sasa watoto wakae wasome, michezo ipo tu. Mnawazoesha uwanja, wakifika kidato cha pili vitabu vinawashinda, halafu mzazi ndiye analaumiwa. Na hizo barakoa mnazosema, nani ananunua? Mimi nashona za kitenge, mtoto anaondoka nayo asubuhi, jioni anarudi nayo mfukoni imefungiwa karanga.

Nesi wa Zamu
Kocha umefanya vizuri kuuliza kabla. Nikujibu kwa mpangilio wa maswali yako.

Barakoa: wakati wa kukimbia wavue. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema tusivae barakoa kwenye mazoezi makali, jasho linailowesha na mtoto anapata shida kupumua. Wavae wakija, wakisubiri, na wakiondoka kama wanapanda bodaboda au daladala.

Mpira: sabuni na maji vinatosha. Lakini usiuchoshe mpira ukasahau mikono. Weka ndoo ya maji tiririka pembeni ya uwanja, wanawe wakifika, wakipumzika na wakimaliza. Huu ugonjwa unapita zaidi kwenye pumzi kuliko kwenye ngozi ya mpira.

Vikundi: usiwachanganye. Watoto wale wale, kikundi kile kile, kila siku, na uwe na daftari lenye majina na namba ya mzazi. Mmoja akiumwa unajua uwapigie akina nani badala ya kutangazia mji mzima. Hakuna kutema mate, hakuna kulundikana wakifunga. Mkae nje kwenye hewa, maelekezo yako wayapokee wakiwa wametawanyika, si wamekuzunguka kama kuku wanaotupiwa mtama.

Sasa na mimi nikuulize. Maji ya kunywa wanapata wapi? Na kuna mtoto yeyote ambaye nyumbani kwao kuna anayeumwa?

Mzee wa Reli
Huyo nesi amegusa penyewe kwenye maji. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga kule mpakani, meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta hapa mjini na uwanja huo huo wa Lake Tanganyika ndio ukawa mapokezi. Kipindupindu kikaingia. Nilikuwa nasaidia kugawa vifaa. Unamkuta mama ana ndoo safi kabisa, maji yametiwa dawa, lakini kikombe ni kimoja na kinapita kwa watu kumi. Tangu hapo nikifika kwenye msiba wowote naangalia kikombe kwanza. Mke wangu alikuwa anasema nina maringo. Baadaye mwenyewe akaanza kubeba chake kwenye pochi.

Raga siijui. Enzi zetu Tabora tulikimbia riadha.

Kocha Bangwe
Asante sana dada nesi, asante mzee. Hayo ya vikundi nimeyaandika. Ndoo ninazo mbili. Nimesoma pia kwamba Uingereza mwaka jana chama chao cha raga kilitoa mchezo usio na kugongana, Ready4Rugby, ili klabu za mitaani zirudi taratibu kabla ya kuruhusu kukabana. Ndiyo maana naona sisi wa kugusa hatari yetu ni ndogo. Vipi kuhusu kugusana kwenyewe, waguse mgongoni tu?

Nesi wa Zamu
Mgongoni au kiunoni ni sawa, kugusa ni nukta tu. Ila hujanijibu maswali yangu mawili.

Kocha Bangwe
Maji wanakunywa kwa bibi mmoja jirani na uwanja. Ana pipa la plastiki kivulini na kikombe kimefungwa kamba. Mama wa watu ni mkarimu, ndiye anatutunzia hata mipira na koni, wajukuu zake wawili ni wachezaji wangu.

Nesi wa Zamu
Na huyo bibi mzima?

Kocha Bangwe
Bibi ana pumu ya miaka mingi. Anakohoa kidogo tangu wiki iliyopita, lakini Agosti Kigoma mnajua vumbi lake, na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Wajukuu wazima kabisa, wanakimbia kuliko wote.

Nesi wa Zamu
Homa? Harufu na ladha?

Kocha Bangwe
Mjukuu mkubwa aliniambia bibi analalamika samaki, huyu mgebuka, siku hizi hauna harufu wala ladha. Mimi nikajua ni umri. Dada nesi, jamani nielewe kidogo. Timu ya Kasulu inakuja hiyo Jumamosi kucheza na sisi, wazazi wao wameshachangishana nauli na kosta imelipiwa. Hawa watoto tangu mwaka jana hawajapata mechi hata moja. Na wale wajukuu nikiwaacha, nani atanitolea mipira? Iko chumbani kwa bibi.

Mchunguzi Huru
Wakuu hii ni chai. Someni upya. Juu amesema walisimama mwishoni mwa Juni. Huku chini bibi amekohoa "wiki iliyopita" na watoto "wanakunywa" maji kwake. Kama hamchezi, hicho kiu kinatoka wapi? Halafu raga Kigoma tangu lini? Nimezaliwa Mwanga ya hapa Kigoma, nimesoma hapa, sijawahi kuona yai la raga. Mtu kakaa Dar na kompyuta anatunga uzi.

Mnyama wa Ujiji
Duh. Hata mimi nilikuwa najiuliza. Kasulu nako kuna raga?

Jangwani Damu
Mleta mada tupia picha ya mpira.

Kocha Bangwe
Picha za watoto wa watu siweki humu. Mpira nitawaeleza. Ninayo miwili. Niliijua raga nikiwa chuoni Arusha, kule mchezo upo siku nyingi, nikarudi nyumbani nayo, nilipewa na wenzangu. Mmoja ulipasuka kwenye mshono, fundi viatu wa Mwanga akaushona kwa uzi wa nyavu za dagaa, ndiyo maana ukiushika una uvimbe upande mmoja na ukidunda unakimbilia kushoto. Watoto wanaupenda huo kuliko mzima. Kasulu kuna mwalimu mwenzangu niliyemfundisha mchezo, basi.

Kuhusu kiu: ndiyo, Jumamosi iliyopita walikuja. Walikuja wenyewe, nilikuta wameshatoa mipira. Nikawaacha wapasiane tu bila mechi. Kupasiana si mazoezi.

Kibirizi Kwetu
Mchunguzi, mimi niko Kibirizi mwaloni lakini mzigo napeleka Bangwe. Hao watoto wapo. Wanarusha mpira nyuma huku wanakimbia mbele, mara ya kwanza nilidhani wamekosea. Kuna kabinti kamoja kana mbio sijawahi kuona. Mtu asiitwe mwongo kwa kuwa wewe hujafika.

Mchunguzi Huru
Sawa raga ipo. Lakini basi ni kweli wameshaanza na anakuja kuomba ruhusa humu. Hiyo ni mbaya kuliko chai.

Prop Mstaafu
Nimecheza raga Arusha, ngoja niseme kama mtu anayeujua mchezo.

Kocha, hesabu yako ya hatari ya uwanjani haina tatizo. Kwenye raga ya watu 15 kila upande, skramu inakutanisha vichwa 16, wanane kwa wanane, uso kwa uso, pumzi kwa pumzi. Ndiyo maana World Rugby, shirikisho la raga la dunia, Mei mwaka jana walitoa mabadiliko ya muda ya sheria, ya hiari, kupunguza skramu na mirundikano. Wewe hayo yote huna. Hata kwenye ile rugby league ya Uingereza, watafiti walifuatilia mechi nne za mwaka jana ambazo wachezaji wanane waliingia uwanjani na virusi bila kujua. Hawakupata ushahidi kwamba waliambukiza wapinzani kwenye mechi. Wachache waliokutwa na virusi baadaye, chanzo kilionekana kuwa nje ya mchezo.

Sasa angalia nje ya mchezo wako kuna nini. Kosta kutoka Kasulu, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Kikombe cha kamba. Chumba cha bibi ambamo watoto wanaingia kuchukua koni. Umejenga ukuta mbele ya nyumba, mlango wa nyuma uko wazi.

Olimpiki ya Tokyo juzi Fiji wamechukua dhahabu ya raga ya saba saba viwanja vitupu, hakuna shabiki hata mmoja. Mchezo uliruhusiwa, msongamano ukakatazwa.

Nesi wa Zamu
Ahsante Prop. Kocha, sikuiti mwongo wala mbaya. Lakini kupoteza harufu ghafla pamoja na kikohozi usikusingizie umri wala vumbi, inaweza kuwa korona. Huyo bibi anatakiwa kupelekwa hospitali leo, siyo baada ya mechi, hasa kwa kuwa ana pumu. Akipona aulize chanjo, iliyozinduliwa tarehe 28 Julai imeanza na wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa ya kudumu. Yeye anaingia mara mbili.

Wajukuu wanaishi naye nyumba moja. Ugonjwa unaweza kujificha hadi siku 14 bila dalili, na mtoto anaweza kuubeba asikohoe hata mara moja. Wakae nyumbani siku 14, na hizo zihesabiwe tangu waache kukaa naye karibu. Watoto waliokunywa kikombe kile Jumamosi uwapigie wazazi wao usiku huu. Na kama mmoja wao ataumwa, asirudi kukimbia akishapoa tu. Madaktari wa michezo wanataka apumzike angalau siku 10, saba za mwisho zisiwe na dalili, kisha aanze taratibu. Ni kwa ajili ya moyo.

Mama Wawili
Mimi nilisema wakae wasome. Lakini huyo bibi anahudumiwa na nani? Wajukuu wakitengwa naye nani anampikia uji? Hapo ndipo pa kuanzia kocha, achana na koni.

Kocha Bangwe
Nimetoka kwake sasa hivi, nilisimama nje ya mlango. Binti yake anakuja kutoka Gungu, asubuhi wanampeleka hospitali. Wajukuu wanahamia kwa mjomba. Wazazi nimewapigia, mmoja amenitukana, wengine wameshukuru, watatu hawapokei, nitawafuata nyumbani.

Kasulu nimemwambia mwenzangu tusogeze. Amenuna, kosta hairudishi hela yote. Lakini bado naona wale ambao hawakuja Jumamosi, tukiwa kikundi kidogo, kila mtu na chupa yake, tungeweza kucheza. Wajukuu wangekuja kuangalia tu, wakae mbali chini ya mwembe. Wasipokuja watadhani nimewafukuza.

Nesi wa Zamu
Kikundi kidogo cha ambao hawakuja, ndiyo, ukiwa na majina na una uhakika nyumbani kwao hakuna mgonjwa. Wajukuu chini ya mwembe, hapana. Watoto watawafuata hapo hapo mkipumzika. Nenda kwa mjomba uwaeleze mwenyewe, usitume ujumbe kwa mtoto mwingine.

Kocha Bangwe
Sawa, kesho jioni nitapita. Na mipira? Chumbani kwa bibi siingii, binti yake amesema ataitoa nje nami nitaiosha kwa sabuni. Kwangu ni chumba kimoja, hakuna pa kuiweka.

Kibirizi Kwetu
Nina stoo ya nyavu hapa mwaloni, ina nafasi na hewa inapita. Leta asubuhi kabla ya saa moja, baada ya hapo ninakuwa kwenye mnada wa dagaa. Huo ulioshonwa uweke juu, panya wa huku wanaupenda uzi wa nyavu.